Mwaka Nilipokuwa Ulimi wa Mama Salha

Jumamosi iliyopita tulikuwa Sakina kwenye arobaini ya Mama Salha. Dua zilipokwisha na wali ukaliwa, mabinti wa nyumba walipitisha bakuli za matunda: papai, nanasi, ndizi mbivu, na juu yake kastadi ya njano iliyotengenezwa kwa unga wa kopo. Nikala kijiko kimoja, nikakiacha kitulie mdomoni kama ninavyofanya kazini, na Salha, aliyeketi mbele yangu, akaniona. Salha sasa ni bibi mwenye wajukuu. Magoti yake hayamruhusu tena kukaa mkekani, kwa hiyo walikuwa wamemwekea kiti. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kumlilia mama yake. "Usiseme kitu, Aika," akaninong'oneza. "Leo hapa kila kitu ni kizuri." Nikasema ni nzuri. Tukatazamana, kisha tukaangua kicheko, wazee wawili wazima, mpaka wanawake waliokuwa karibu wakageuka kututazama. Sikuweza kuwaeleza pale pale. Ni habari ya mwaka mzima.

Kazi yangu imekuwa kuonja kahawa. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesimama mbele ya meza ndefu yenye vikombe, nikivuta kahawa kwa kijiko, nikitema, nikiandika neno moja au mawili na kusogea kwenye kikombe kinachofuata. Vijana wanaoletwa kwangu kufundishwa huniuliza nilisomea wapi. Huwa nawatajia mafunzo niliyopelekwa na mwajiri wangu, kwa kuwa ndiyo yaliyoandikwa kwenye cheti. Lakini ulimi wenyewe ulifunzwa kabla ya hapo, kwenye ua wa nyumba ya kupanga pale Sakina, nikiwa na miaka ishirini, na aliyeufunza ni mwanamke ambaye wakati huo hakuweza kutofautisha sukari na chumvi.

Nilihamia kwake mvua za masika zilipokatika. Nilikuwa nasoma uhazili mjini, na chumba nilichopata kilitosha kitanda, meza yenye mashine ya chapa ya kuazima na ndoo mbili. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne vilivyozunguka ua wa saruji, na upande wa barabara ya Nairobi kulikuwa na gereji ambako mafundi waligonga bodi za magari tangu asubuhi. Kuta za vyumba hazikufika juu. Kati ya ukuta na dari ungeweza kupitisha mkono, kwa hiyo kila mpangaji alijua mwenzake anakohoa saa ngapi na anasali saa ngapi. Chumba kilichopakana na changu kilikuwa cha mwenye nyumba mwenyewe, Mama Salha, mjane wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Tanga, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Siku ya kwanza nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza jina. Nikamwambia naitwa Aika. Akauliza maana yake. "Kwetu Uchagani ni asante," nikamjibu. Akanitazama toka utosini mpaka vidoleni. "Haya, Asante. Karibu ndani. Viatu acha mlangoni."

Haikuchukua wiki nikajua kwamba nimepanga kwa mtu maarufu. Mtu akiwa na harusi, au mtoto wake akipata kipaimara, watu waliuliza nani anapika, kisha wakauliza kama Mama Salha analeta kastadi. Unga wa kopo hakuutaka hata kuuona. Alichemsha maziwa mabichi na hiliki iliyopondwa, akapiga viini vya mayai na sukari mpaka vikawa vyeupe kama siagi, kisha akavimiminia maziwa ya moto kidogo kidogo huku mkono wa pili ukikoroga bila kusimama. Halafu sufuria aliikalisha ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto, akakoroga taratibu, akinyanyua mwiko kila baada ya muda na kupitisha kidole mgongoni mwake. Kidole kikiacha njia isiyozibika, kastadi imeiva; ukichelewa kidogo tu mayai yanakatika na unabaki na mabonge. Akaichuja, akaipoza, akaitia malai, ule utando mzito wa juu ya maziwa. Ilipomwagwa juu ya embe na papai na pasheni ilikaa juu ya tunda bila kukimbia, na mtu aliyesema ameshiba alivuta tena bakuli. Mimi nilitazama yote hayo nikiwa na ndoo yangu mkononi, nikijifanya nasubiri bomba.

Mwezi wa saba ukaingia na baridi yake. Mlima Meru haukuonekana kwa siku nyingi, ukungu ulishuka mpaka barabarani, na Mama Salha akashikwa na mafua yaliyomlaza kitandani wiki mbili. Alipona, akarudi jikoni, na mimi sikuona tofauti yoyote. Kisha Jumapili moja alasiri, nikiwa nimejifunika blanketi najisomea, nikamsikia Salha chumbani kwa mama yake. Salha alikuwa ameolewa Njiro na alikuja kila Jumapili.

"Hebu nusa hii, mama."

"Nimeshanusa."

"Ni nini?"

Mama Salha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nikinusa karafuu ni kama nanusa ukuta. Chakula nakitafuna tu. Nimetia chumvi kwenye chai juzi, nikainywa yote."

"Basi pumzika. Shughuli za watu ziache, hakuna atakayekulaumu."

"Nikiacha, nitakuwa nani? Nitakaa hapa nihesabu nyundo za gereji?" Kitanda kikalia. "Na wifi yangu asijue. Mwanaidi akijua, mji mzima umejua."

Sikugeuza hata ukurasa, nisije nikasikika. Kesho yake asubuhi nilikuwa naosha vyombo uani alipokuja na mwiko, kiganja cha pili kikikinga chini yake. "Aika, onja hapa uniambie." Hakusema kwa nini, nami sikusema kwamba najua. Nilionja, nikamwambia sukari iko sawa. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Tangu siku hiyo mwiko ulikuja kwangu kila alipopika, na mimi kila mara nilisema ni nzuri. Mara nyingi ilikuwa nzuri kweli. Mikono yake iliijua kazi hata pua isipokuwepo.

Siku ambayo haikuwa nzuri ilikuwa ya kipaimara, Njiro, kwenye nyumba ya watu wenye bustani kubwa. Asubuhi hiyo Mama Salha alikuwa na maziwa jikoni alipoitwa mlangoni na muuza mananasi. Walivutana kwa muda, yeye akisema mananasi hayajaiva, mwenzake akiapa yameiva. Mimi nilikuwa chumbani napiga pasi blauzi, nikasikia harufu ya maziwa yanayoshika chini ya sufuria. Nikajisemea atasikia mwenyewe. Nilijua hawezi kusikia, na bado nikajisemea hivyo. Mwiko ulipoletwa nilionja moshi. Haukuwa mwingi, lakini ulikuwepo, ukikaa nyuma ya utamu na kubaki mdomoni baada ya utamu kwisha. Nikamtazama: amevaa gauni lake la shughuli, mtandio begani, teksi inapiga honi nje. "Nzuri, Mama," nikasema.

Kule Njiro tulikaa jikoni nyuma, sisi wa kuhudumia. Bakuli zikaanza kurudi. Watu walikuwa wameisogeza kastadi pembeni na kula matunda ya chini yake. Dada mmoja aliyekuwa anaosha vyombo akanusa bakuli, akampa mwenzake. "Hii imepikwa na kuni mbichi nini? Inanuka moshi." Mwenzake akasema, "Mama Salha keshazeeka bwana. Wangeagiza keki tu." Mama Salha alikuwa mlangoni ameshika trei. Alisikia yote. Akaiweka trei mezani taratibu, akasema, "Poleni na kazi, wanangu," akatoka nje. Tulirudi Sakina tumekaa kiti cha nyuma, sufuria katikati yetu, na njia nzima hakunitazama.

Asubuhi yake alibisha mlango wangu kabla sijaamka.

"Jana ulionja?"

"Nilionja, Mama."

"Ukasikia nini?"

Nikaanza kukunja blanketi.

"Sikuulizi kama ilikuwa nzuri. Nakuuliza ulisikia nini mdomoni."

"Moshi."

"Ulisikia moshi ukaniambia nzuri."

"Niliogopa kukukosea adabu."

"Adabu ninazo za kwangu, nimetoka nazo Tanga," akasema. "Mimi nilikuomba ulimi."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alinishika mkono mpaka jikoni, akamimina maziwa kwenye sufuria, akaniwekea mkaa mwingi, akasema, "Yaunguze." Nilidhani nimesikia vibaya. "Yaunguze nimekwambia. Kila yakibadilika, onja, uniambie." Basi nikasimama pale na machozi yangu, nikionja maziwa yanavyopata moto, yanavyochemka, yanavyoanza kushika, yanavyoungua kabisa. Nilipofika mwisho nilikuwa nimekunja uso kama mtu aliyemeza mwarobaini, na yeye akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kigoda. "Jina lako ni asante, ndiyo maana hujui kusema hapana," akasema akijifuta macho. "Tutakufundisha."

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu nianze kufundisha wengine. Nililelewa kushukuru chakula. Sahani ikiwekwa mbele yako unaipokea kwa mikono miwili, na anayekupa akiwa mkubwa kwako, ladha yake si shauri lako. Ni malezi mazuri na sijawahi kuyajutia. Lakini nawaona vijana wangu wakivuta kahawa kwenye kijiko, halafu kabla hawajaandika neno wanatazama uso wangu. Siku hizi wakionja nasimama dirishani, nimewapa mgongo.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyokuwa na raha kuliko yote niliyoishi mjini. Nikitoka chuo alasiri nilimkuta Mama Salha amepanga vikombe kwenye kigoda. Alinifunga macho kwa kanga yake, akanilisha kwa kijiko: ndizi iliyobakiza siku moja kuiva, maziwa ya jana, maziwa ya leo, papai lililokatwa kwa kisu kilichokata kitunguu. Neno "tamu" alinipiga marufuku. "Asali tamu, muwa mtamu, usingizi mtamu. Umeniambia nini hapo?" Kwa hiyo nilitafuta maneno. Ndizi ilikuwa na ukakasi uliokwaruza pembeni mwa ulimi. Yai la pili lilikuwa na shombo. Maziwa ya jana hayajachacha, lakini yamechoka. Hilo la kuchoka alilipenda mno, akalirudia kutwa nzima. Hata mlango wa bafu ulipokatika bawaba alisema umechoka. Nilikosea sana. Siku moja nilimwapia kuwa nimelishwa nanasi, kumbe ni pasheni yenye sukari, na Salha aliyekuwa amekuja kututazama alicheka akamwaga chai. Jioni tulikula mabaki ya masomo: matunda yote kwenye sinia moja, kastadi juu, sote watatu kwa vijiko, na mafundi wa gereji wakipita wanauliza leo shughuli ya nani.

Mwezi wa kumi na mbili ikaja harusi ya binti wa Bi Mwanaidi, kule Kisongo. Bi Mwanaidi alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Salha, mwanamke mnene, mkarimu, ambaye jikoni kwake aliamrisha kama nahodha. Tulifika mapema. Maziwa yalikuwa yameletwa na mama wa Kimasai jirani, mazuri, mazito. Tulipika sufuria tatu kubwa, mbili tulizokuja nazo na moja ya Bi Mwanaidi mwenyewe. Zilipopoa Mama Salha akanipa mwiko. Sufuria ya kwanza nikasema iko safi. Ya pili safi. Ya tatu nikaonja, nikanywa maji, nikaonja tena.

"Kuna nini?" akauliza Mama Salha.

Jikoni walikuwemo wanawake wasiopungua kumi, wakimenya na kukatakata. Bi Mwanaidi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. "Samahani, Mama. Hii ina kitunguu saumu. Kwa mbali."

Visu vikasimama. Bi Mwanaidi akageuka polepole. "Kitunguu saumu kitoke wapi kwenye kastadi?"

"Nadhani ni sufuria, bibi. Shikamoo. Samahani."

"Unasema sufuria yangu chafu?"

"Hapana, bibi. Ni safi. Ila imepikiwa biriani, nayo imeshika."

"Wifi," Bi Mwanaidi akamgeukia Mama Salha, "huyu mtoto umemwokota wapi? Onja wewe mwenyewe, tumalize maneno."

Nikamwona Mama Salha akitazama ule mwiko mkononi mwangu. Angeweza kuuchukua, kujifanya anaonja na kusema lolote. Angesema iko sawa, asingemuudhi wifi yake, na siri yake ingebaki salama. Mimi nilitazama sakafu, nikaona kidole chake cha mguu kikigonga kandambili.

"Siwezi," akasema. "Tangu mafua ya mwezi wa saba sisikii harufu wala ladha. Kastadi zote mlizokula kwangu toka wakati ule, aliyeonja ni huyu. Akisema kuna kitunguu saumu, kipo. Mwageni."

Bi Mwanaidi akatwaa kijiko, akachota kwenye sufuria ya tatu, akaonja. Tukamwangalia anavyomung'unya. Akachota tena. Kisha akakiweka kijiko chini, akashika kiuno. "Astaghfirullah," akasema. "Biriani ya Alhamisi." Mtu mmoja akacheka kule nyuma kwenye mananasi, halafu mwingine, halafu jiko zima, na Bi Mwanaidi akacheka kuliko wote, akampiga wifi yake begani. "Miezi mitano unatulisha kwa ulimi wa kuazima! Na mimi nilikuwa nakusifu!" Akamkumbatia, na wakiwa wamekumbatiana nikaona mabega ya Mama Salha yanatikisika, na si kicheko tu. Dakika mbili baadaye kila mtu alikuwa mbioni: mmoja kwa mama wa Kimasai kuomba maziwa mengine, watatu kwenye mayai wakitenga viini, mmoja anasugua sufuria ya kuazima huku mimi nanusa ndani yake kama mbwa na wao wanapiga vigelegele. Kastadi ilichelewa. Wageni walisubiri na matunda yao mbele yao, na ilipofika, bakuli zilirudi jikoni zimekombwa.

Baada ya siku ile hakukuwa na haja ya kufichana. Mama Salha aliwaambia watu waziwazi, "Mimi napika, Aika anaonja," na watu wakaendelea kuagiza. Nikisema hiliki bado, aliongeza. Mume wa Salha alikuwa karani kwenye ghala la kahawa. Alisikia habari ya kitunguu saumu mara nyingi mpaka akaenda kumsimulia mkuu wake, na mwezi wa pili nikaitwa kufanyiwa majaribio ya kuonja. Nilikuwa nimebakiza siku chache kwenda. Asubuhi moja nilikuwa chumbani, mashine ya chapa mbele yangu, niliposikia ukelele uani. Nikatoka mbio nikidhani ameanguka. Mama Salha alikuwa amesimama katikati ya ua na ufagio mkononi, pua juu.

"Nani kamwaga dizeli?"

"Wapi, Mama?"

"Dizeli! Gereji! Hunusi?"

Nikanusa. Ilikuwepo, kwa mbali, kutoka ng'ambo ya ukuta, kama ilivyokuwepo kila siku tuliyoishi pale. Tulitazamana. Kisha akautupa ufagio, akaenda ukutani akavuta pumzi kama mtu aliyefika bustani ya mawaridi. Kutwa nzima hakufanya kazi. Alinusa sabuni ya kipande, alinusa mto wake akaurusha juani, alinusa kichwa changu akasema nikasuke upya, aliwaendea mafundi wa gereji akawashukuru mmoja mmoja bila kuwaeleza ni kwa lipi. Salha alipofika alilia mlangoni, akaambiwa asilie, asogee anuswe.

Alasiri tukapika kastadi, kidogo, yetu sisi watatu. Niliifanya mimi tangu mwanzo, yeye akikata matunda. Ilipopoa nikamimina juu ya papai na maembe, nikampa bakuli kwa mikono miwili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuionja kastadi yake tangu mafua. Alifumba macho. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu mpaka Salha akaniminya kidole.

"Hiliki imezidi," akasema.

Nikahisi uso unaniwaka. "Imezidi sana?"

"Imezidi. Mimi sijawahi kutia hiliki kiasi hiki maishani mwangu. Ndivyo ulivyokuwa unaniambia nitie, miezi yote hii?"

"Nisamehe, Mama. Niliona ndiyo inavyopendeza. Kesho nitapunguza."

Akafumbua macho, akachota kijiko cha pili, akachota cha tatu, akaona namsubiri.

"Thubutu uone," akasema huku anatafuna. "Ndiyo hii watu wanayoiagiza."